Mzee Aliyesema "Bado"

Mtaani kwetu Rumonge, mzazi aliyetaka kumpeleka mtoto wake uwanjani kwa mara ya kwanza hakuulizwa mtoto ana miaka mingapi. Aliulizwa kama Mzee Arbitri ameshamwona.

Arbitri ndiye refa. Mimi nilikulia Tanzania, kwenye kambi za wakimbizi, na kule tulisema refa, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni jina la ukoo. Jina lake la nyumbani nilikuja kulijua baadaye, lakini yeye mwenyewe hakulipenda na sitaliandika. Alikuwa ameacha kupuliza filimbi muda mrefu kabla sisi hatujarudi Burundi. Alikuwa akiuza mawese. Madumu ya njano yalijipanga ukutani mwa ua wake, na ukuta huohuo, kwa upande wa pili, ulikuwa ukuta wa uwanja wa mpira.

Mtu anayeishi hatua chache kutoka uwanjani, aliyewahi kuwa refa, ungetegemea awe wa kwanza kuingia. Hakuingia hata mara moja. Siku ya mechi aliketi uani kwake na kofia yake ya kufuma, akichuja mafuta kwa kitambaa, huku nyuma ya ukuta watu wakipiga kelele kama wanaotaka kubomoa mji. Ukimuuliza nani anaongoza, alikujibu, na alikuwa sahihi. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

Redio ndiyo iliyonitisha kwanza. Alikuwa na redio ndogo aliyoisikiliza kwa sauti ya chini sana, na mechi inapopamba moto aliizima ghafla. Unabaki umekaa, unashangaa. Halafu kutoka nyumba za jirani unasikia watu wanalipuka: goli. Nilikuwa ugenini kwake na mume wangu siku alipofanya hivyo mara ya kwanza, na mume wangu, ambaye anapenda mpira kuliko chakula, karibu alie.

"Mzee, kwa nini umezima?"

"Iliisha kuingia."

"Ilikuwa haijaingia!"

"Batu banavuta pumzi kwanza," alisema. "Bote pamoja. Weye husikie?"

Sisi hatukusikia kitu. Aliiwasha tena baada ya kelele kutulia, akaendelea kunywa chai.

Nisimfanye kuwa mtu wa kuogopesha tu, maana hakuwa hivyo. Alikuwa mcheshi, na kwenye karata alikuwa mwizi. Mtu aliyesifika kwa haki, ambaye wauzaji wa ndagala, dagaa wa huku, walimwita ufukweni kuamua ugomvi wao, alificha karata chini ya paja mbele ya macho yako, na ukimshika alicheka mpaka kofia inadondoka. "Hapa sipulize mimi," alisema. "Hapa mimi ni mchezaji." Ufukweni lakini hakucheka. Nilimwona siku moja akiwaamulia wanawake wawili waliokuwa wakivutana beseni la samaki. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia wote wawili wanyamaze, kisha akamkabidhi mmoja beseni na kumwonyesha mwingine njia kwa mkono ulionyooka. Yule mwanamke aliondoka. Mkono ule ulikuwa na kitu ambacho watu hawakubishana nacho.

Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Gatete, ambaye alikuja kumtembelea akiwa na muhogo na ndizi. Mama mzima, mwenye watoto wake, mwenye maneno mazuri. Ila alikuwa na jambo lake. Ukimwita jina, haitiki papo hapo. Kwanza anageuza uso kando na kuuinua kidogo, kama mtu anayemtazama mwenziwe mrefu aliyesimama karibu naye, kama anayeomba ruhusa. Halafu ndipo anaitika, "Karame," na kukutazama wewe. Nilidhani ni sikio moja halisikii vizuri. Siku moja nilijisahau nikaangalia pale alipoangalia. Palikuwa na hewa tu. Lakini baba yake aliniona nikiangalia, na nilijuta.

Habari ya watoto ilikuwa hivi. Mzazi alimleta mtoto uani siku ya mechi, akasalimia amahoro, amahoro, akakaribishwa kwenye benchi. Mtoto aliachwa acheze kati ya madumu. Mzee Arbitri aliendelea na mafuta yake kana kwamba hakuna jambo. Nyuma ya ukuta goli likiingia, kelele zikipanda, aliinua macho na kumtazama mtoto, mara hiyo moja tu. Hakutazama uso. Alitazama miguu. Kisha alisema "Muende" au alisema "Bado," na hakueleza.

Waliombishia walikuwapo. Waliompuuza pia walikuwapo, na watoto wao waliingia uwanjani, wakala karanga, wakarudi nyumbani salama. Wengine walimcheka hadharani. Hakukasirika. Mara moja tu nilimsikia akimjibu baba mmoja kijana aliyemwambia kwamba goli ni furaha, mtoto anyimwe furaha kwa nini.

"Goli si ya mutoto," alisema. "Goli ni ya bakubwa. Mukubwa akiona goli, saa ile hana mutoto."

Binti yangu Keza alizaliwa hapa Rumonge, na siku alipozaliwa baba yake alimwambia, akiwa bado amefungwa kwenye kitenge, kwamba watakwenda mpirani pamoja. Alipofika umri wa kuvaa viatu mwenyewe, baba yake alianza kunisumbua. Mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wadogo, najua jinsi mtoto anavyochanganyikiwa na kelele. Nilisema kwanza tumpeleke kwa Mzee Arbitri. Nilisema hivyo zaidi kwa heshima ya ujirani.

Tulikaa kwenye benchi. Keza alikuwa akipanga vifuniko vya madumu. Goli likaingia, na uwanja mzima ukanguruma mpaka mafuta kwenye sufuria yakatetemeka. Keza alisimama. Hakushtuka, hakutugeukia. Alitabasamu, akaanza kutembea, taratibu na bila kusita, kama mtoto aliyeitwa na mtu anayemjua. Na hakuelekea ukuta wa uwanja, kule kelele zilikotoka. Alielekea upande wa magharibi, kwenye kona ya ua inayotazama ziwa, mpaka paji la uso wake likagusa matofali. Akabaki pale.

Mzee Arbitri aliweka kitambaa chini. "Bado," alisema.

Lazima nieleze upande ule wa magharibi. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda. Limekula nyumba za ufukweni, limeingia mashambani, na watu wamehama na mabati yao kichwani. Uwanja wetu nao ulipoteza ncha moja. Ukuta wa kule ulianguka, maji yakaja, matete yakaota, na viboko hupanda kula nyasi. Mechi zinachezwa bado, kwa kusogeza goli la upande ule kuelekea katikati, lakini nyuma ya goli hilo hasimami mtu. Mpira ukienda kule, wachezaji wanasukumana nani aufuate.

Tulimrudisha Keza mwaka uliofuata. Safari hii goli lilipoingia alibaki ameketi, akinishika goti, na baba yake akanikonyeza: tumeshinda. Kelele zikapungua, zikaisha. Ukaja ule ukimya mfupi kabla mpira haujaanzishwa tena. Na katika ukimya huo Keza alisema, kwa sauti ya kawaida, akitazama ile kona, "Nakuja."

"Unamwambia nani, mama?" nilimuuliza.

Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyezungumza peke yangu.

"Bado," alisema Mzee Arbitri, na mara hii sauti yake haikuwa ya mtu anayeamua. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

Mume wangu alikasirika. Njia nzima alitembea mbele yetu. Nyumbani alisema. Kwamba yule mzee amezeeka, kwamba anawatia watu woga ili wamheshimu, kwamba watoto wa mtaa mzima wanaingia uwanjani na wetu anakaa nyuma ya ukuta kama mgonjwa. "Jumapili ninampeleka," alisema. "Na wewe kama unataka, njoo. Kama hutaki, baki na mzee wako."

Nami ningemwambia nini? Kwamba mtoto alisema "nakuja"? Watoto husema mengi. Katikati ya juma, mchana, baada ya darasa, nilikwenda uani kwa Mzee Arbitri peke yangu. Nilimsalimia shikamoo, akaitika, nikamwambia neno kwa neno alivyosema mume wangu.

Alikuwa akipanga madumu, akayaacha, akaja akakaa benchini kwa mbali nami.

"Madamu," alisema, "nitakuambia mara moja. Usiniulize mara ya pili."

Nikasema sawa.

"Nilikuwa napuliza mechi hapahapa. Mutoto wangu, huyu wa Gatete, nilimuacha kwa rafiki yangu, kati ya batu, mahali naweza kumuona. Alikuwa kama huyu wenu. Goli ikaingia. Sasa sikiliza. Weye ukikaa katikati ya batu, hauone. Mimi niko katikati ya uwanja, naona. Bakubwa bakisimama, batoto bote banapotea. Bote. Unaona mikono yulu, hewani, basi. Halafu bakubwa banakaa, na batoto banarudi, mumoja hapa, mumoja pale. Siku zote banarudi. Siku ile bakakaa, na pale pangu hapakurudi mutu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimamisha mechi. Palepale. Nikakimbia kwa batu. Banapiga kelele, banasema nimehongwa, mutu moja akanipiga na chupa hapa." Aligusa nyuma ya kofia. "Rafiki yangu analia. Anasema alimushika mukono, goli ikaingia, akapiga makofi mara moja, moja tu, akarudisha mukono, na mukono wa mutoto haiko. Mechi haikuisha. Batu bote bakaingia kutafuta. Ndani ya matete, kwa mitumbwi, hata kule Kizuka kwa michikichi. Hakuna."

Nyuma ya ukuta uwanja ulikuwa mtupu. Nilisikia ndege wa ziwani tu.

"Kesho yake asubuhi, habari ikatoka Magara. Bavuvi banarudi na ndagala, banakuta mutoto ameketi kwa mchanga, anabangojea. Magara, Madamu. Uliisha kwenda Magara kwa mguu? Mukubwa anachoka. Yeye nguo safi. Miguu haina hata vumbi. Hana njaa."

"Labda alipakiwa kwenye gari," nilisema. "Wachuuzi wa samaki wanapita ile barabara."

"Na mimi nilisema hivyo. Nilipofika nikamuuliza, nani alikuleta? Akasema, mutu alinishika mukono. Nikasema, mutu gani? Akashangaa. Akasema, papa, si yule ulimuambia anishike?"

Sikutaka aendelee, naye aliendelea.

"Njia yote ananieleza mechi. Goli ya kwanza, anajua. Ya pili, ya tatu, nani alipiga, nani alianguka, mpaka filimbi ya mwisho nilivyopuliza. Ananieleza vizuri, kama mutu aliyekaa karibu. Madamu, ile mechi haikuisha. Nilikuambia. Niliisimamisha kwa goli ya kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakurudi tena kupuliza, na kwa nini alitazama miguu ya watoto. Nilimuuliza nifanye nini Jumapili. Nilitegemea aniambie nimfungie Keza chumbani. Alitafakari huku akikunja na kukunjua kile kitambaa cha mafuta.

"Ukimuzuia Jumapili, baba yake atamupeleka siku ingine bila weye," alisema. "Na kama anaitwa, ataitwa hata akiwa mukubwa. Mupeleke. Mimi nitakuwa ndani."

Jumapili watu walipomwona Mzee Arbitri langoni walimpisha njia. Wengine walipiga makofi. Wengine, vijana, walimtania kwamba amekuja kuiba karata za timu ya wageni. Yeye hakuketi na watu. Alitembea mpaka ukingoni mwa uwanja, mbele yetu, akasimama pale ameupa uwanja kisogo, uso wake kwetu sisi watazamaji. Mechi ikaanza nyuma yake na hakugeuka. Mume wangu aliona haya kwa niaba yake. "Tazama," aliniambia, "amekuja mpirani kutazama watu."

Keza alikuwa kati yetu. Alifurahi, hilo siwezi kulikana. Alikula karanga, aliuliza kwa nini yule mwenye glavu hakimbii, alimcheka mchezaji aliyevuliwa kiatu. Nilimshika mkono mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Nikalegeza kidogo. Kipindi cha kwanza kikapita hivyo. Nikaanza kujiona mjinga, mwalimu mzima niliyetishwa na hadithi.

Kipindi cha pili timu yetu ilipata kona. Mpira ukapaa, ukashuka, ukarudishwa, na kijana mmoja mfupi, jirani yetu, ninayemfahamu tangu akiwa darasani kwangu, akaufuma wavuni. Sikupenda mpira maisha yangu yote. Lakini nilimwona mwanafunzi wangu ameinua mikono, na nikajikuta nimesimama, napiga kelele kama wengine, na mikono yangu yote miwili ilikuwa hewani.

Nilitazama chini. Kulikuwa na miguu, miguu ya watu, na maganda ya karanga.

Mume wangu naye alikuwa ametazama. Uso wake sitausahau. Watu walikuwa wanarukaruka na kukumbatiana kila upande, na kati ya mabega yao nilimtafuta Mzee Arbitri.

Alikuwa palepale, hajatikisika. Macho yake hayakuwa kwangu. Aliinua mkono na kuunyoosha magharibi.

Keza alikuwa nyuma ya goli la upande wa ziwa, peke yake, kwenye ule ukanda mwembamba wa udongo mkavu kabla ya matete. Amefikaje pale, kwa dakika ile moja, kati ya watu wote wale, hatujui mpaka leo. Alisimama ameinua uso, kama anavyoniinulia mimi uso ninapomfunga vifungo vya sare. Alikuwa akimsikiliza mtu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka nusu.

"Keza!" aliita Mzee Arbitri. Hakupaza sauti sana.

Mtoto aligeuka. Aligeuka mara ileile, bila kusita, akatuona, akaushusha mkono, na kukimbia kutujia pembezoni mwa uwanja. Baba yake alimfikia wa kwanza, akamnyanyua, akamkandamiza kifuani mpaka akapiga chafya. Watu waliotuzunguka walikuwa bado wanaimba. Kwao mtoto alikuwa amekwenda kuchungulia maji, akarudi.

"Nilimwambia sitaki," Keza alisema begani kwa baba yake. "Alisema mama ndiye amemwambia. Nikamwambia, mama angeniambia mwenyewe."

Mume wangu alinipa mtoto, kisha akamgeukia Mzee Arbitri, ambaye alikuwa ametufikia.

"Mzee, murakoze," alimshukuru. "Nisamehe."

"Hakuna kitu." Mzee aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Keza. "Mama, yule mutu iko wapi sasa?"

Keza alionyesha. Tulitazama wote watatu. Nyavu za goli, udongo, matete, na nyuma ya matete ziwa, jeupe kwa jua la alasiri. Hakukuwa na mtu.

"Mumupeleke nyumbani," alituambia. "Huyu sasa anaweza kuja mpirani siku yoyote."

Halafu alianza kutembea kwenda kule. Mechi ilikuwa imeanza tena, na refa kijana aliyekuwa akipuliza alimwona mzee akipita pembezoni, akasita, akamwacha. Alitembea bila haraka, mabega yameinuka, na kofia ameivua na kuishika mkononi. Alipita nyuma ya goli. Akasimama kwenye ule ukanda mkavu, akazungumza. Sikusikia maneno. Alizungumza kidogo tu, kisha akanyamaza, kama anayempa mwenziwe nafasi ya kujitetea. Kisha akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono kuelekea majini, mkono mzima, bila kuukunja, na akauacha hapo.

Mume wangu alinivuta tuondoke. Nilikuwa na mtoto mgongoni na langoni niligeuka. Mzee Arbitri alikuwa bado amesimama vilevile, mkono umenyooka, akisubiri kama refa anavyosubiri mtu anayetoka uwanjani kwa kujikokota. Upepo haukuwapo, bendera za kona zilikuwa zimelala. Kule mbele yake matete yalifunguka, njia nyembamba, taratibu, kutoka ukingoni mpaka kwenye maji. Yakabaki wazi kwa kitambo. Kisha yakajifunga, na ndipo aliposhusha mkono.